Adabu za Gari Mlimani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na akaisimamisha milima juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona mwalimu wa chuoni, aliyezoea kukuandikia khabari za sala na saumu, leo anakuletea khabari za breki na tairi. Usistaajabu. Fiqhi haikuishia mlangoni mwa msikiti. Kila jambo lenye roho za watu ndani yake lina hukumu yake, na siku hizi ni vitu vichache vinavyochukua roho nyingi kwa mara moja kama gari. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limetaja kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio wanafunzi wetu, na ndio mabwana harusi na mabibi harusi wetu.

Mimi ni mtu wa Pwani kama wewe. Huku kwetu barabara imelala kama mkeka. Gari ikiwa na breki dhaifu, huenda hatua chache zaidi kisha ikasimama, na mwenyewe husema, "Hii bado nzima." Miaka hupita hivyo, na hapana aijuaye ila ya gari ile. Siku inapopata safari ya bara, ikakutana na mlima, hapo kila kilichofichika hutoka nje. Tambarare husitiri, mlima hufichua. Haya ndiyo niliyoyaona katika safari zangu za Masagati, na ndiyo ninayotaka uyashike, hata kama mlima wako wewe ni Kitonga njia ya Iringa, au Sekenke njia ya Singida, au kona za kupandia Lushoto kutoka Mombo, au zile za Wundanyi juu ya Voi.

NJIA YA MASAGATI

Masagati iko mkoa wa Morogoro, ndani kabisa ya nchi ya Kilombero, mbele ya Mlimba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda huko wakati wa likizo kuwasomesha watoto. Ukitoka Mikumi washuka Kidatu, kisha wafuata lami mpaka Ifakara, kilomita zipatazo 67, na mkono wako wa kuume milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Kilele chake cha Luhombero chafika mita 2,576. Mkono wa kushoto ni bonde, mashamba ya mpunga na miwa, na maji. Ifakara yenyewe iko kiasi cha mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Ukiendelea kwa Mlimba na Taweta, ukatokea Madeke na Lupembe hata Njombe, utakuwa umefika nchi ya karibu mita 2,000. Yaani njia hiyo moja yakutoa penye joto la mpunga ikakupeleka penye baridi ya chai.

Waliojenga reli ya TAZARA, iliyoanzwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, waliujua uzito wa nchi hii. Sehemu ya kutoka Mlimba kwenda Makambako ndiyo iliyowatoa jasho kuliko zote, kwa vichuguu na madaraja. Basi ikiwa wahandisi waliokuwa na mitambo na baruti waliiheshimu milima hii, jee, wewe na mimi na gari yetu ya kukodi?

Huko mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni. Ukungu hushuka asubuhi usione mbele ya boneti. Upande mmoja wa barabara ni ukingo wa mlima, na wa pili ni korongo. Hapana gereji, na mara nyingi simu haishiki. Kosa dogo ambalo Tanga au Mombasa lingekugharimu taa ya nyuma, huko lakugharimu watu.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Mwajua nyote kisa cha yule mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru amtegemee Mungu, naye akamwamrisha afanye yote mawili, kufunga kwanza kisha kutegemea. Breki ndiyo kamba ya ngamia wetu wa leo. Twaandika nyuma ya gari zetu maneno mazuri ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na chini ya gari hiyo hiyo bomba la breki limekwisha kuliwa na kutu. Hiyo si tawakali. Huko ni kumwacha ngamia bila kamba.

Kwa hivyo anza na breki. Mwambie fundi azifungue tairi zote nne atazame pedi na viatu vya breki, asikisie kwa kusikiliza. Sisi wa Pwani tuna jambo letu khasa: hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Bomba jembamba lipelekalo mafuta ya breki laweza kuonekana zima kwa juu na kwa chini limekuwa kama karatasi. Mwombe alipitishe mkono bomba zima. Kisha uliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa, na yakisha kuingia maji huchemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama mpaka chini, na gari haisimami. Kwa sababu hii mafundi wengi husema yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Bei yake haifiki hata bei ya kanzu ya Idi.

Pili, tairi. Tairi kipara haina la kufanya penye tope. Zitazame kashata zake, na uitazame pia tarehe yake. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu 4: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, jua kuwa ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iko tairi yenye kashata nzuri ambayo jua limeikausha ikapasuka nyufa, nayo hupasuka kweli siku ya mzigo. Usiisahau ya spea.

Tatu, rejeta. Kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka mapema kwa kiasi cha nyuzi 1. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyashika maji kwa kuyabana yasichemke upesi. Mpira wa kifuniko ukichakaa, injini iliyokuwa haina neno Dar es Salaam hutokota katikati ya mlima. Kifuniko ni kitu cha pesa chache. Injini ni mali ya watoto.

Tena pakia jeki, kamba nene, sepetu, tochi, maji ya kunywa na maji ya rejeta, na pembetatu mbili za kung'aa. Pakia pia kabari mbili za mti za kuzuia tairi. Utingo wa lori hatoki nyumbani bila kabari, nasi wenye gari ndogo twamcheka. Yeye ndiye mwenye akili.

KUPANDA

Katika mafundisho ya safari tumepokea kwamba sahaba walipokuwa wakipanda walileta takbira, na walipokuwa wakishuka walileta tasbihi. Nami naona kuwa kuna faida kubwa ndani yake kwa mwenye gari. Mtu akipanda juu hujiona mkubwa, basi hukumbushwa kuwa ukubwa si wake.

Ingia gia ya chini kabla ya mlima kuanza, usingoje mpaka injini itetemeke. Jicho moja liwe kwenye mshale wa joto. Ukipanda kuelekea alama nyekundu, tafuta mahali pa wazi usimame, na usikifungue kifuniko cha rejeta kwa haraka, kwani maji yaliyobanwa hutoka kwa nguvu yakamwunguza mtu uso. Ngoja ipoe.

Penye kona piga honi, na shika mkono wako wa kushoto hata kama barabara ni tupu. Usiipite gari nyingine mahali usipoona mwisho wake. Njia ikiwa nyembamba, desturi njema ya madereva wa milimani ni anayeshuka kumpisha anayepanda, kwa sababu anayepanda akisimama huenda asiweze kuondoka tena. Adabu hiyo hata mtu wa miguu mwenye mzigo kichwani hufanyiwa.

KUSHUKA

Watu wengi huogopa kupanda. Wajuzi huogopa kushuka.

Nitakueleza kwa hesabu ya jikoni, apate kuifahamu hata mama anayesoma haya huku anapika. Gari yenye uzito wa tani 2 pamoja na watu wake, ikishuka mlima wa mita 1,000, nguvu yake yote ya kushuka lazima iende mahali. Dereva akiizuia kwa breki peke yake, nguvu hiyo hugeuka moto, na moto huo watosha kuchemsha maji ya lita 60, yaani ndoo tatu kubwa. Sasa fikiria moto wa ndoo tatu uingie katika vipande vichache vya breki. Lori la tani 10 ni ndoo kumi na tano, hiyo ni shughuli ya harusi nzima. Ndiyo maana breki huungua, hutoa harufu, kisha hukataa.

Dawa yake ni gia. Waalimu wa zamani wa udereva walikuwa wakisema gia uliyopandia ndiyo ushukie. Injini yenyewe huishika gari, na breki ikabaki kuwa akiba. Kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, kisha achia breki ipumue. Usiikalie muda wote mpaka chini. Gari nyingi za leo zitokazo Japani ni za otomatiki, na wenyewe hudhani hazina gia za kushukia. Zinazo. Toa kwenye D uweke 2 au L, au alama nyingine ya gia ya chini iliyo katika gari yako, kabla ya mteremko kuanza.

Ama kushuka na gia huru, au kuzima injini ili kuweka akiba ya mafuta, huo ni mchezo wa mauti. Injini ikizimika, ule msaada wa kuilainisha breki hukatika, na usukani wa gari nyingi huwa mzito kama nanga. Umeweka akiba ya kikombe cha mafuta, umeweka rehani watu kumi. Na vijana wa bodaboda nawaambia hayo hayo, na kuongeza kwamba mshikaki wa watu watatu penye mteremko hauna breki yoyote ya kuutosha. Mtu mmoja nyuma, kofia ngumu kwa wote wawili, na breki za mbele na nyuma zikamatwe pamoja kwa upole.

Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali imekuwa laini, simama mara moja mahali pa salama, weka kabari, ungoje. Usimwagie maji, chuma cha moto kikipata baridi hupinda au hupasuka. Na breki zikikataa kabisa, Mungu apishe mbali, usiache usukani kwa khofu. Shusha gia moja moja, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, washa taa upige honi, na ikiwa hapana budi gari iguse kitu, iguse ukingo wa mlima. Usielekee kwenye korongo.

MAZIKO HAYAKIMBILIWI

Mwaka mmoja, siku za masika, tulikuwa tukiteremka kutoka Masagati katika gari ya kukodi kwenda maziko Ifakara. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na marehemu alikuwa kaka wa mmoja wa wale kina mama. Maziko yalipangwa baada ya sala ya alasiri. Dereva alikuwa kijana mpole. Tulipofika nusu ya mteremko mrefu alinusa, akasimamisha gari, akashuka akaweka kabari.

"Shikamooni wazee wangu," akasema, "breki zimepata moto. Tutangoja nusu saa."

Manung'uniko yakaanza. Mmoja akasema, "Mwanangu, tutakosa maziko." Mwingine akasema kama ni pesa ataongezewa. Yule mama mfiwa hakusema neno, alikuwa akilia tu, na kilio chake kilikuwa kizito kuliko maneno yao wote. Nilimwona kijana akitazama gari, akimtazama mama, akitazama tena gari. Kisha akanigeukia.

"Maalim, nifanyeje? Si mmetufundisha kuwa maiti aharakishwe?"

Nikamwambia, "Mwanangu, tumefundisha hivyo, na ni kweli. Maiti huharakishwa kuoshwa, kusaliwa na kuzikwa na wale walio naye. Hapana aliyeamrisha watu kumi na mmoja wamfuate kaburini siku hiyo hiyo. Keti chini, breki zipoe."

Tukakaa. Hazikupoa kwa nusu saa, zilichukua karibu saa nzima. Tulifika Ifakara magharibi imekwisha kuingia, na kaburi limefukiwa zamani. Mama yule alianguka kilio upya, na baadhi ya wenzetu wakanitazama kwa jicho la lawama. Asubuhi yake nikawachukua mpaka kaburini, tukasimama safu, tukamsalia marehemu pale pale. Kwani Mtume wetu (S.A.W.) alipopata khabari kuwa yule aliyekuwa akiufagia msikiti amekufa na amezikwa bila yeye kuambiwa, alikwenda akamsalia kaburini kwake.

Tazama, msomaji wangu, huruma ya sheria hii. Aliyechelewa amewekewa mlango wake. Anayetumbukia korongoni pamoja na jamaa zake hana mlango wa kurudi.

DHAMANA NI YA NANI?

Ajali ikitokea, neno la kwanza vinywani mwetu ni "Kudra ya Mungu." Ni kweli, hapana jambo lililo nje ya kudra yake. Lakini kudra haikumfutia mtu dhima. Kitabu cha Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa, kimeweka juu ya anayeua kwa kukosea dia kwa wafiwa, na kafara ambayo asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Na mwaka 1993, maulamaa wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walipokutana Brunei, walipitisha kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya dini ni wajibu, na kuwa dereva hubeba dhamana ya madhara anayowafikishia watu. Basi anayekaidi kibao cha mwendo asidhani anamkaidi polisi peke yake. Na mpaka wa kilomita 80 kwa saa uliowekwa Tanzania kwa mabasi na magari makubwa ni mpaka, si amri ya kuufikia. Mlimani penye ukungu hata 20 huwa nyingi.

Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia, Karatu, basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni penye mteremko asubuhi ya mvua. Watu 35 walikufa, karibu wote watoto waliokuwa wakienda kufanya mtihani. Nchi nzima ililia. Sitaki kumhukumu aliyekwisha kwenda mbele ya Hakimu wa haki. Nataka tujiulize sisi tuliobaki: tangu siku ile, ni wazazi wangapi waliowahi kuuliza khabari za breki za basi linalowachukua watoto wao?

Mwenye gari anayejua kuwa gari yake ina ila, akamkabidhi kijana maskini aiendeshe, naye ana fungu lake katika dhamana. Na abiria anayemwongezea dereva pesa ili akimbie ana lake. Anayemwona dereva anachezea simu penye kona akanyamaza kwa haya, naye pia. Kumwambia dereva kwa adabu, "Mwanangu, punguza," ni katika kuamrishana mema, wala si utovu wa heshima. Na yeye akikuambia ungoje, ngoja.

Basi wewe baba unayepanga safari ya bara, kabla ya kununua zawadi za kupeleka, mpeleke fundi chini ya gari. Nawe mama unayefunga vyakula vya njiani, uliza kama kabari zimepakiwa. Mkipanda leteni takbira, mkishuka leteni tasbihi, na gia iwe ya chini. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na wasafiri wetu wote, na awarehemu waliotutangulia njiani. Amin.

Wabillahi taufiki.